Pubele ya dubu, mbwa wa Kadutu na mukono wa mutoto

Haya ni maneno nilisema Jumamosi mbele ya bafinaliste wa sekisho mekanike hapa Bukavu. Kuko wenye mvua iliwazuia, wakaniomba niandike, basi nimeandika vile nilisema, sikubadilisha mingi.

Salamu kwenu wote. Bwana Prefe, bapapa na bamama walimu, bazazi wenye mumepanda huu mulima na matope yote hii, na nyinyi vijana wangu wenye munangojea diplome, aksanti sana kwa kunikaribisha. Waliniambia niseme juu ya namna ya kubuni kitu, kitu kipya chenye mutu atanunua na atatumia, na siku tatu nilikuwa nafikiri niwaletee mufano gani, mbabula, mashine ya kusaga mihogo, nini, mwisho nikachagua kitu chenye hakuna mutu hapa ndani atakitumia hata siku moja: pubele ya kuzuia dubu, ile sanduku ya kutupia uchafu yenye dubu hawezi kufungula.

Dubu, ule wanaita urse kwa Kifaransa. Afrika yetu haiko na dubu wa pori leo, wa mwisho walikuwa kule milima ya Atlas, upande wa Maroko na Algeria, wakaisha mu karne ya 19. Basi dubu anatuhusu nini? Anatuhusu juu ile shida yake ni safi sana kwa fundi, haiko na mambo mingi ya kuchanganya kichwa. Uko na sanduku. Ndani kuko chakula, mifupa, mafuta, mukate wa jana. Nje kuko nyama anaweza kufika kilo 300, makucha sentimita 10, harufu anaipata toka mbali sana, ana njaa na ana busiku muzima wa kujaribu, hana kazi ingine. Alafu mu ile nyumba kuko bibi wa miaka 75, vidole vinamuuma, na yeye anapaswa kufungula ile sanduku na mukono moja juu mukono wa pili umeshika mufuko wa uchafu. Dubu asiweze, bibi aweze. Kazi yote iko pale katikati.

Muelewe kwanza ule dubu, juu fundi mwenye hajui mwizi wake anafunga mulango na kamba. Kule Amerika ya kaskazini baridi ikikaribia dubu anajua atalala miezi bila kula, basi mbele ya kulala anakula kama mutu mwenye wazimu, anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku moja, wakati mutu mukubwa kama mimi anatosheka na 2,000 na kitu. Mu pori ile kalori inatoka ku matunda madogo madogo, mizizi, siafu, samaki akibahatika, ni kazi ya kutoka usubui mpaka usiku. Mu pubele moja ya mutaa iko pale yote pamoja na haikimbie. Akisha kuonja mara moja, anarudi. Akiwa mama, watoto wake wanajifunza ku yeye. Na kila siku uoga wake wa watu unapunguka, anasogea ku mulango, anaingia jikoni, siku moja anakutana na mutu uso kwa uso, na pale mutu wa serikali anakuja na bunduki. Walinzi wa pori kule wako na musemo: dubu aliyelishwa ni dubu aliyekufa. Kwa hiyo ile pubele haiko ya usafi tu, ile kifuniko ikishika, kuko nyama moja itaendelea kuishi.

Na walijifunza kwa uchungu. Parke ya Yellowstone, Marekani, miaka mingi hoteli zilikuwa zinamwaga mabaki ya chakula fasi moja, na watu wanakaa ku viti vimepangwa kama mu stade, wanaangalia dubu wakikula uchafu mangaribi. Ilikuwa burudani! Alafu wakabadilisha mawazo, wakaanza kufunga yale majalala, ile kubwa ya Trout Creek ikafungwa 1970. Ndugu wawili wenye walikuwa wanasoma maisha ya dubu pale, Frank na John Craighead, walikuwa wamesema mufunge pole pole, musikate chakula siku moja. Hawakusikilizwa. Dubu wenye walikuwa wamezoea wakaenda kutafuta mu makambi ya watalii na mu vijiji, wengi wakauliwa, na 1975 Marekani ikaandika dubu wa grizzly mu liste ya nyama wenye wanapaswa kulindwa na sheria. Mimi nikisoma ile historia nafikiria jalala zetu hapa, na ile mbwa yote inaishi pale.

Sasa tuingie mu chuma, juu njo kazi yenu.

Pubele ya kawaida ya plastike, dubu anaifungula namna gani? Watu wanafikiri anavunja kwa nguvu. Hapana, mara mingi anatafuta kona. Anasimama juu ya kifuniko na miguu ya mbele, anaruka pale pale, anabinya, anabinya, plastike inajikunja kidogo, kona moja inainuka kidole moja, pale kucha inaingia, na kucha ikiingia mambo imeisha. Kwa hiyo kitu cha kwanza haiko unene wa chuma. Ni ile nafasi kati ya kifuniko na mwili. Kifuniko kinapaswa kushuka na kufunika mudomo wa sanduku kwa inje, kama kifuniko ya sufuria ya ugali, ili kucha ikija toka chini ikutane na tole, ile bati ya chuma, haikutane na mwanya. Sharniere, ile bawaba yenye kifuniko kinazungukia, iwe ndani, isionekane. Na sanduku lote lifungwe chini au ku nguzo, juu dubu akiweza kuliangusha na kulibiringisha mu mutelemuko atalipeleka ku mawe na mawe itamufanyia kazi.

Alafu loke, ile ya kufunga kifuniko. Hapa munisikilize muzuri, juu mimi hii kitu ilinikosesha usingizi wa busiku mbili. Loke ya pubele ya dubu haina kadena, haina funguo. Kuko kama mufuko wa chuma umesuderewa, ni kusema umeunganishwa kwa moto, mbele ya kifuniko, uko wazi kwa chini. Wewe unaingiza mukono, kiganja kinaangalia juu, vidole vinapanda ndani, vinakuta sahani ndogo, unaisukuma, taki, kifuniko kinaachia. Ni ile tu. Mutoto anaweza. Dubu hawezi, juu mukono wake ni mupana kuliko ule mufuko, na hata akiingiza makucha hawezi kukunja vidole ndani na kuinua, hana kidole gumba cha kukutana na vingine kama chetu. Mwenye alibuni ile kitu hakushinda nguvu ya dubu. Aliangalia mukono wake, akaangalia mukono wa mutu, akatafuta kitu kimoja chenye moja unaweza na mwingine hauwezi. Vijana, kama mutasahau yote ya leo, hii mubaki nayo: musianze na tole, muanze na mikono.

Kuko na ile zingine za kuchukuliwa na kamio, ile yenye mashine inainua pubele na kuigeuza kichwa chini. Pale hakuna mutu wa kuingiza vidole, basi waliweka loke ya uzito, ikigeuzwa sawasawa inajifungula yenyewe. Lakini ufikirie: dubu naye anaangusha pubele. Basi fundi anapaswa kuhesabu, ikilala ubavu ibaki imefungwa, ikigeuka kabisa kabisa ifunguke. Ni hesabu ya kipande cha chuma kinaanguka, mulifanya mu fizike ya mwaka wa nne, munaona sasa ina kazi gani.

Na namna ya kupima! Mu muji wa West Yellowstone, jimbo la Montana, kuko kituo chenye wanachunga dubu wenye hawawezi tena kuishi pori, wengine juu walizoea sana chakula cha watu. Ukibuni pubele unaipeleka kule, wanaijaza samaki, siagi ya karanga na vitu vingine vitamu, wanawaachia wale dubu. Inapaswa kuvumilia dakika 60 za kuumwa, kubinywa, kukwaruzwa, si dakika 60 za kuangaliwa, ni dakika 60 dubu akiwa anaigusa kweli. Dubu wenye walikosa pori juu ya uchafu njo wanafanya kazi ya kuokoa wenzao. Mimi naona ile ni kitu cha heshima sana. Na hata ikipita hawakupi karatasi ya kusema dubu haingii kamwe, wanasema tu inastahimili dubu. Wanaogopa neno kamwe, na wako na sababu.

Sababu moja iko na jina. Mu milima ya Adirondack, jimbo la New York, watu wanaotembea porini wanabeba chakula mu kopo ngumu ya plastike, kifuniko cha kuzungusha, na kuko kidude cha kubinya na kidole mbele ya kuzungusha. Dubu mama moja, mwoga wa watu, walimuita Yellow-Yellow juu masikio yote mbili ilikuwa na alama ya rangi ya njano, alijifunza kubinya kile kidude na meno na kuzungusha. Kampuni ikaongeza kidude cha pili. Akafungula na cha pili. Gazeti la New York Times liliandika habari zake 2009, na 2012 muwindaji akamuua. Mainjinia walikuwa na meza zao na kompyuta zao, yeye alikuwa na meno na wakati. Musidharau mutumiaji, na musidharau mwizi.

Nitawaambia sasa habari ya hapa kwetu, yangu mwenyewe, na haiko tamu.

Miaka mbili imepita, wazee wa avenyu moja pale Kadutu walichangisha feza, nyumba kwa nyumba, kuko mama alileta franka 500 amezifunga mu kona ya kitenge, wakaniambia fundi tutengenezee pubele ine, mbwa na mbuzi wanatutawanyia uchafu kila busiku, mvua ikinyesha yote inashuka. Na munajua inashuka wapi. Inatoka Kadutu inafika ku ziwa, chupa na sashe zinaelea mpaka pale Ruzizi inatokea, zinaenda kuziba baraje, alafu tunauliza umeme umeenda wapi. Basi nikafanya ile kazi na roho yote. Tole ya milimetre 2, kornyere, vile vyuma vya kona, pande zote, kifuniko kizito, kilo 14, nilipima. Nilisema na roho yangu, mbwa gani atainua hii?

Na kweli, hakuna mbwa aliinua. Juma ya kwanza avenyu safi. Juma ya pili nikapita, nakuta uchafu umelala pembeni ya pubele, chini, mbwa wanakula pale pale, na ndani ya pubele karibu hakuna kitu. Nikakasirika, nikasema watu wetu hawapendi usafi. Bahati, mama moja mwenye anauza makala pale aliniambia, fundi, usiseme vile, uje kesho saa kumi na moja ya usubui ukae hapa.

Nikaja. Nikakaa ku kigoda chake. Wa kwanza alikuwa mutoto muke, miaka saba hivi, kandambili kubwa kuliko miguu yake, ku kichwa bido ya njano wamekata katikati, imejaa maganda ya ndizi na majivu. Akatua bido. Akashika kifuniko na mikono mbili, akasimama ku ncha ya vidole, akainua, kikapanda kama kiganja moja, mikono ikaanza kutetemeka, akaachia na kuvuta vidole haraka sana, haraka ya mutu mwenye anajua. Akaangalia huku na huku. Akamwaga chini, akabeba bido yake akaenda, juu alikuwa anachelewa masomo. Nilihesabu mpaka saa moja: watoto 11, watu wakubwa 2. Nilikuwa nimepima mbwa, nilikuwa nimepima mukono wangu mimi fundi, na mwenye anatumia pubele mu ile avenyu ni mutoto wa miaka saba na hakuna mutu alimupima.

Na ule mama wa makala akaniambia tena kitu alikuwa anangojea nitulie ndio aniambie, kama kuko mutoto mwingine, kijana, kifuniko kilimufinya vidole viwili, kucha moja ikaanguka. Nilienda mu ile nyumba siku ile ile. Baba yake alinipokea muzuri, akanipa kiti, hakunitukana, na ile njo iliniuma zaidi. Mutoto akanionyesha kidole. Mangaribi nikaenda na mukokoteni kuondoa vifuniko vyote ine.

Sasa muone vile hii inakutana na dubu. Mu muji wa Durango, Colorado, watafiti waligawa pubele za kuzuia dubu zaidi ya 1,000 mu mitaa fulani na mitaa ingine wakaacha vile iko. Mu mitaa yenye pubele mupya matatizo ya dubu na uchafu yalipunguka kwa asilimia 60. Siyo 100, juu loke yenye mutu hakufunga ni loke ya bure, na pubele yenye imejaa kupita kipimo kifuniko hakishuki, na kifuniko chenye hakishuki ni mulango wazi. Chuma kilikuwa kilekile kila nyumba, tofauti ilikuwa ku mukono. Na walipa mutaa muzima, juu ukipa nyumba moja, dubu anaenda kwa jirani. Canmore, kule Kanada, waliona hata nyumba kwa nyumba ni muzigo, wakaacha kabisa kuweka pubele mbele ya kila mulango, wakaweka makontena makubwa ya pamoja yenye dubu hawezi kufungula, kila mutu anatembea kidogo anatupa pale. Kwetu, na hii milima, na njia zenye kamio haipiti, pubele ya pamoja njo naona ya kutufaa, na ikiwa ya pamoja, ni watoto wataitumia, basi tumerudi pale pale.

Toleo ya pili niliweka uzito kwa nyuma, kopo ya maziwa nimejaza sima, ili kifuniko kiwe chepesi ku mukono wa mutoto. Kikawa chepesi. Ku kichwa cha mbuzi pia! Mbuzi hafanye kama mbwa, mbwa anakwaruza na anavuta, mbuzi anaingiza mudomo chini ya kitu na anainua na paji, pole pole, kama mutu anafungula bahasha. Busiku moja ilitosha. Pale njo nilianza kusoma juu ya dubu, juu nilijiuliza, hapa duniani nani ameisha kukutana na mwizi mbaya kuliko wangu?

Toleo ya tatu iko na ule mufuko wa chuma. Nilipima mikono ya watoto 30 wa avenyu na ya mama zao, na rula ya masomo, mbele ya bazazi. Upana nimeweka sentimita 9, sahani iko ndani sentimita 8, kidole cha mutoto wa miaka sita kinafika, mukono wa mama wenye sabuni unaingia na unatoka bila kukwama, mudomo wa mbuzi unabaki inje, pua ya mbwa inabaki inje. Kifuniko kikishuka kinaachilia nafasi ya kidole kwa upande wa sharniere, hakuna mutoto atafinywa tena, ile nilihakikisha na vidole vyangu kwanza.

Na ya kupima, niliiga wale wa Montana. Dubu sina, nilichukua vichwa vya sambaza kilo nzima ku soko, vya siku mbili, harufu inapanda mpaka ku barabara, nikaweka ndani, nikaiacha inje ya atelie busiku tatu. Busiku ya kwanza mbwa watano, walizunguka mpaka usubui. Ya pili mbuzi wa jirani, alijaribu, akalala pembeni. Ya tatu nikasikia kelele ndani kabisa ya pubele. Panya. Aliingia na kile kitundu cha chini nilitoboa ili maji ya uchafu itoke, sentimita 2 tu. Nimesuderea griyaje ya waya pale, na sasa yenyewe inazibana na majivu, kwa hiyo kila Jumamosi mutu anapaswa kupitisha kijiti.

Yenye imebaki ni resore, ile springi yenye inarudisha sahani. Mvua ya Bukavu haihurumii resore, miezi mitatu inapata kutu, sahani hairudi, na loke ikikosa kurudi kifuniko kinabaki wazi bila mutu kujua. Nilijaribu kipande cha shambere, ule mupira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, kwa fasi ya resore, kinavuta muzuri, jua likikipiga kinakauka na kinapasuka. Nimefikiri pia uzito mudogo wa kurudisha sahani yenyewe, kama ile loke ya kamio, lakini pubele zetu zinakaa ku mutelemuko, uzito hauanguki sawa. Nimeleta hii moja hapa mbele, munaweza kuja kuingiza mukono, mwenye mukono mukubwa na mwenye mudogo, na mufungule hivi visi vinne muone ndani. Mwenye atapata namna ya kurudisha ile sahani bila resore, anipate Jumatano ku atelie, bagete za kusuderea na tole vitakuwepo, na vichwa vya sambaza nimeisha kuagiza.